Nilijenga ghorofa kijijini ili mama ahamie kwangu, akaniuliza maganda ya ndizi atatupa wapi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mzee, kwa hiyo najua wengi wenu mngeanza na shikamoo. Marahaba zenu nimezitanguliza, tusipoteze muda.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili tangu vijana wa dukani kwangu waliponifundisha kujiunga. Uzi wangu wa kwanza ndio huu, na hauna chai. Ningekuwa natunga ningejiweka upande wa mtu mwema. Mtaona wenyewe kwamba sijajiweka huko.

Juzi kuna mwanachama aliuliza hii habari ya "ecological footprint" ina maana gani kwa mtu wa kawaida. Akajibiwa kwa michoro na viwanda vya Ulaya. Elimu yangu ni kidato cha nne, viwanda vya Ulaya sivijui. Nitaeleza ya uani kwangu.

Na nitaanza na wivu, maana bila wivu uzi huu usingekuwepo.

Kwetu ni Marangu. Mimi, jina langu Amini, ni mzaliwa wa kwanza, Elibariki ndiye wa mwisho. Katikati ni dada zetu, wameolewa mbali, hawana kosa katika kisa hiki.

Wasio Wachagga niwaeleweshe kidogo. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Anabaki nalo kwa sababu ndiye anayebaki na mama. Mzaliwa wa kwanza anakatiwa kipande chake akaanze maisha.

Kipande changu kinapakana na kihamba cha nyumbani, kwa upande wa juu. Mshike hilo: mimi juu, Elibariki chini.

Nikateremka Moshi mjini kutafuta. Nikafungua duka la spea za magari, Mungu akabariki, nikafungua jingine Himo njia panda. Elibariki akabaki na jembe, ng'ombe wa ndani na mama.

Mtu yeyote angesema aliyefanikiwa ni mimi. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nilipokuwa napanda kumsalimia mama.

Nikifika, mama ananipokea vizuri, ananiombea, halafu baada ya dakika chache ni Eli hivi, Eli vile. Eli kaleta majani ya ng'ombe. Eli kapogoa kahawa. Umeona mkungu wa Eli ulivyoshiba?

Nikamnunulia mtungi wa gesi na jiko lake. Akafurahi sana. Nilipopanda tena nikakuta mtungi uko konani, paka amelala juu yake. Mama anapikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe, ambayo Elibariki aliichimbia shimo nyuma ya banda.

Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

"Ya Eli haiishi, mwanangu. Yako nikiiwasha naogopa itaisha kabla hujaja tena."

Jambo jingine. Mara kwa mara Elibariki alikuwa ananitumia mkungu wa ndizi mjini, kwa gari la mtu yeyote anayeteremka. Hakuambatanisha neno, mkungu tu. Mimi nikauona kama majivuno, kwamba ananionyesha shamba lake linavyozaa. Mara nyingine sikuufikisha hata nyumbani, niliwaachia vijana wa dukani wagawane.

Wivu wa mapenzi mmezoea kuusoma humu. Wivu wa mtu mwenye maduka mawili, anayemwonea gere mtu aliyevaa mabuti yaliyotoboka, sijui kama mmeshawahi kuusoma.

Tuendelee.

Kipande changu kilikuwa hakijajengwa. Elibariki ndiye aliyekuwa akikitunza bila kuombwa. Kilikuwa na migomba, chini yake kahawa, na juu ya vyote miringaringa miwili, miti mikubwa ya kivuli iliyofunika eneo zima.

Nikaamua kujenga. Na si kibanda, ghorofa.

Wachagga wenzangu mnazijua nyumba za Desemba. Inajengwa miaka, inalaliwa Krismasi na mwaka mpya, siku zilizobaki inalala na mlinzi na mbwa. Tunashindana kwa hizo nyumba hadi aibu. Lakini yangu ilikuwa na shabaha yake. Nilitaka mama atoke kwa Elibariki ahamie kwangu. Nikishampata mama, nimemaliza mchezo.

Nikakata miringaringa yote miwili. Nikang'oa migomba, nikang'oa kahawa.

Elibariki alipanda siku ya msumeno. Alisimama pembeni kwanza, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani.

"Kaka, acha hata mmoja. Jua likiwaka utakaa wapi?"

"Nitakaa ndani. Nitaweka feni."

"Na mvua?"

"Bati langu ni zuri kuliko lako."

Akacheka kidogo. "Siulizi kama itakunyeshea. Nauliza ikishanyesha itaenda wapi."

"Umeanza kuona nitakupita," nikamwambia mbele ya mafundi. "Huo ni wivu, mdogo wangu."

Wakuu, mimi ndiye niliyemwambia yeye ana wivu. Mafundi wakacheka, maana mlipaji alikuwa mimi.

Nyumba ikasimama. Uani nikaweka paving kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata pa kuchomeka mchicha. Nilitaka magari yakija Desemba yasikanyage tope.

Fundi wa paving, mtu makini, akaniuliza mteremko auelekeze upande gani. Kushoto kulikuwa na mfongo, ule mfereji wa kijiji tulioachiwa na wazee. Ungeweza kupokea maji kama ningeongea na kamati yake na kuchimba njia nzuri. Lakini hiyo ingenichelewesha, na Desemba ilikuwa inanukia.

"Elekeza chini," nikasema.

"Chini kuna shamba la mtu, mzee."

"Ni la mdogo wangu."

Akaelekeza chini. Nimejiuliza mara nyingi nilimaanisha nini pale. Sehemu moja nilimaanisha kwamba ni ndugu, hatalalamika. Sehemu nyingine nilimaanisha acha naye aone. Siwezi kuwadanganya kwamba sehemu ya pili ilikuwa ndogo.

Krismasi ikafika, ukoo mzima ukapanda. Nilijiandaa kweli. Nyama, kreti za soda na bia, viti vya plastiki vipya, sahani za kutupa ili mtu asioshe, spika kubwa, na jenereta endapo umeme utakatika. Baada ya ibada nikatangaza hapo hapo nje ya kanisa kwamba mwaka huu shughuli ni kwangu.

Walikuja wote. Wakazunguka nyumba, wakagusa vigae, wakapanda ngazi, wakashuka. Mjomba wetu mmoja, mzee wa utani sana, akasema, "Amini, hii ukifa tutakuzika sebuleni, pana nafasi."

Nikajisikia raha. Mama alikuwa amekaa barazani kwangu na sweta lake jekundu, nami nikawa namtupia jicho kila mara kuhakikisha bado yupo.

Mchana jua likasimama utosini. Zile paving zikaanza kurudisha joto usoni kama jiko la mkaa. Akina mama walivua viatu virefu, wakavivaa tena haraka. Ndani kuna feni, lakini ndani hakutoshi ukoo.

Mjomba akainua kiti chake. "Naenda kwa Eli kidogo, kuna kijiupepo."

Hakurudi. Akafuata shemeji na kiti chake. Wakafuata watoto. Mama akainuka, akashikwa mkono, akateremka taratibu. Viti vyangu vikawa vinashuka kilima kimoja kimoja kama siafu.

Nikabaki na spika, jenereta na mlinzi. Chini huko, katikati ya migomba, watu wamekalia viti vyangu, wanatafuna nyama yangu, wanasifia kivuli cha Elibariki.

Mke wangu alitoka ndani akatazama pande zote. "Baba Aneti, nawe chukua kiti twende. Kimebaki kimoja, tutapokezana."

Nikaenda. Ningefanyaje?

Huko nikamkuta Haika, binti ya Elibariki, yuko chuo. Ana simu mkononi, anawauliza watu maswali na kubonyeza. Nikauliza ni nini.

"Tunapima nyayo, baba mkubwa. Tunaona nani ana kubwa."

Mnajua mtu mwenye wivu akisikia mashindano. Nikasogeza kiti mbele.

Akaniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi. Nikataja vyote na stoo nikaijumlisha. Wanalala wangapi? Nikasema mimi na mke wangu tukija. Magari? Nikahesabu na lile bovu lililoko gereji. Nyama nakula mara ngapi? "Kila siku!" Hapo nilidanganya, daktari alishanikataza.

Akahamia kwa baba yake. Chakula chenu kinatoka wapi? "Hapa." Nyumba inalala wangapi? "Imejaa." Takataka zenu zinaenda wapi?

"Zipi?" akauliza Elibariki, na alikuwa anauliza kweli. Watu wakacheka.

Haika akabonyeza, akasubiri, akanitazama. "Baba mkubwa umeongoza. Kwa mbali."

Nikasimama. Nikapunga mkono. Wakuu, nilipigiwa makofi na mimi nikainama kama mgombea. "Mliona wapi mkubwa akazidiwa na mdogo?" nikawauliza.

Mtoto wa watu akaona haya. "Baba mkubwa, kaa nikueleze."

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo bora niliyowahi kusikia hadi leo. Alisema unyayo huo, ndiyo hiyo "ecological footprint" iliyoulizwa humu, ni ukubwa wa ardhi, maji na misitu inayotumika kukulisha, kukulaza, kukusafirisha na kumeza taka zako. Ukiwa na unyayo mkubwa si sifa, maana yake umekanyaga na sehemu ya mwenzako. Akasema kama watu wote wangeishi kama nilivyojibu, dunia hii moja isingetosha, ingebidi zitafutwe nyingine.

Mjomba akaweka sahani yake chini.

"Basi Amini," mjomba akasema, "kula hiyo dunia yako, lakini mwachie Eli hako kakipande."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Nami nilicheka kwa meno. Rohoni nilimchukia yule binti, nikaichukia simu yake, na baba yake ndio usiseme. Niliona wamenipangia. Dunia haikunihusu kabisa wakati ule. Kilichoniuma ni kwamba nimeshindwa mbele ya mama, tena kwenye mashindano niliyodhani nimeshinda.

Kwa hiyo siku chache baada ya sikukuu nikamfuata mama rasmi. Nikamwambia chumba chake kiko tayari, cha chini, hakina ngazi, choo humo humo. Elibariki hakupinga. Alimbebea hata godoro. Hilo nalo likaniudhi, maana nilitamani apinge ili nimshinde.

Asubuhi mama akaamka, akaomba ndizi apike machalari. Akakaa kwenye jiko langu la vigae vyeupe, akamenya kama anavyomenya siku zote, maganda yakijaa kwenye kanga mapajani. Alipomaliza akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Amini, maganda nitupe wapi?"

"Weka kwenye ndoo hiyo, mama."

"Ikijaa?"

"Mlinzi atatupa."

"Atatupa wapi?"

"Huko."

"Huko ni wapi?"

Nilikuwa sijui. Nimejenga nyumba nzima, nimechagua rangi ya vitasa, lakini sijui takataka zangu zinaenda wapi.

Mama akanitazama. "Kule chini nikimenya ndizi, maganda anakula ng'ombe. Ng'ombe anatoa mbolea na gesi. Gesi inapika ndizi, mbolea inarudi kwa mgomba. Sijawahi kutupa kitu maisha yangu yote. Usinifundishe kutupa uzeeni."

Akafunga maganda kwenye kanga, akachukua fimbo yake, akateremka kuyapeleka kwa ng'ombe. Jioni Elibariki akapanda kuchukua godoro.

Nilimwita mlinzi nikamuuliza taka huwa anatupa wapi. Akanipeleka nyuma ya ukuta, kwenye korongo. Sahani zote za Krismasi ziko pale, chupa za plastiki, mabaki ya vigae, makopo ya rangi.

"Si ulisema huko, mzee," akajitetea.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejirekebisha. Mimi niliamua kwamba yale maneno ya mama yalipandikizwa na Elibariki. Nikafunga nyumba, nikarudi mjini, nikamnunia. Alituma mkungu, sikuuliza hata nani kauleta.

Nikanuna mpaka masika.

Masika ya mwaka ule, watu wa huku wanayakumbuka. Asubuhi moja nikiwa dukani, simu ya Haika.

"Shikamoo baba mkubwa. Baba amekataza nisikupigie. Lakini njoo."

Nilipanda nikiwa nimeshaandaa utetezi. Nilipofika sikuingia hata kwangu.

Maji yote ya bati langu na ya uani kwangu, ambayo zamani yalikuwa yakinywewa na migomba na miringaringa, yalikuwa yamekusanyika na kutokea kwenye kona moja, ile ile niliyomwelekeza fundi. Kutoka pale yamechana kihamba cha nyumbani hadi karibu na banda la ng'ombe. Mtaro wa kumfika mtu kiunoni. Udongo mweusi wa miaka mingi umekwenda. Migomba imelala, mizizi juu. Na zile sahani zangu za Krismasi zimesombwa na maji kutoka korongoni na kuning'inia kwenye matawi ya kahawa yake, nyeupe, kama zimeanikwa.

Elibariki alikuwa ndani ya mtaro na chepe, anajaribu kuyageuza maji. Mama amesimama chini ya upenu na mwavuli.

Nikatoa utetezi wangu. "Mvua ni ya Mungu."

"Mvua ndiyo," Elibariki akasema bila kuinua kichwa. "Mteremko ni wa fundi."

Akachomeka chepe, akapanda juu. "Njoo uone kitu kimoja, kaka. Ukishakiona uendelee kuninunia, sitakuzuia."

Akanipeleka hadi mpakani, mahali maji yalipoanza kuchimba. Kulikuwa na shina kubwa la mgomba limeng'oka lote, limepinduka ubavu.

"Hili ni shina lako."

Sikumwelewa. Nikadhani anasema maji yangu ndiyo yaliyoliangusha.

Mama akapaza sauti kutoka upenuni. "Kitovu chako kilizikwa hapo, Amini. Baba yako akapanda mgomba juu yake. Umesahau nilikuonyesha ukiwa mdogo?"

Nilikuwa nimesahau.

Mgomba mmoja hauishi muda mrefu, mnajua. Unazaa mkungu, unakatwa, mtoto wake anashika nafasi. Shina linadumu endapo tu kuna mtu anayechagua mtoto gani abaki, anayelitia samadi na kuliondolea makavu. Tangu niteremke mjini, mtu huyo hakuwa mimi.

"Langu liko kule bandani," Elibariki akasema. "Langu halikuguswa."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningepata pa kumshika.

Nikauliza swali la kijinga, kwamba kwa nini alitunza shina ambalo si lake. Akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni. "Mkungu wake si ndio ninaokutumia?"

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye tope na suruali ya dukani.

Ile mikungu niliyokuwa nawagawia vijana wa dukani. Ile niliyoiita majivuno. Ilikuwa yangu. Alikuwa ananitumia changu mwenyewe, miaka yote, na mimi namwonea gere kwa shamba lake.

Mtadhani wivu uliisha hapo. Haukuisha, uligeuka tu. Nilianza kumwonea wivu kwa kuwa mtu mwema kuliko mimi, na wivu wa namna hiyo hauna spea.

Lakini angalau huo unaweza kumshikisha mtu jembe.

Kwanza tuliyageuza maji. Tukaenda kwa kamati ya mfongo, nikaomba radhi kwa niaba ya ukuta wangu, wakaturuhusu kuchimba njia ya kupokea maji ya ziada. Ya bati nikayawekea matangi. Sasa ndiyo anayokunywa ng'ombe wa Elibariki kiangazi, na jambo hilo naomba nilitaje kwa sauti maana ni moja ya machache niliyomzidi.

Pili, nikamwita fundi yule yule wa paving. Akafika akacheka. "Mzee, safari hii mteremko wapi?"

"Hakuna mteremko. Zing'oe."

Niliacha njia ya kupitia na kipande cha baraza. Zilizobaki tukazitandika kwenye banda la ng'ombe na kwenye kingo za ule mfereji mpya. Udongo ulionaswa na uzio wa chini tukaupandisha kwa toroli, yeye anasukuma, mimi navuta kamba. Migongo yetu ilituambia umri wetu.

Tatu, korongo. Mimi na mlinzi tuliokota kila sahani kwa mikono yetu. Plastiki haiozi, na aibu yake haiozi pia.

Kwenye lile shina lililopinduka, Elibariki alikuta chipukizi moja bado lina uhai. Akalitoa kwa panga taratibu kama mkunga, akanipa.

"Likapande kwako. Sasa ulitunze mwenyewe."

Nililipanda mahali ambapo magari yalikuwa yanaegeshwa. Baadaye nikaomba machipukizi mengine kwake, nikapanda na kahawa, nikapanda na miche ya mringaringa. Ile miringaringa niliyoikata sitaiona tena ikiwa na ukubwa ule. Mkungu nitauvuna, lakini kivuli cha mti mkubwa nimewakopa wajukuu na sitaweza kuwarudishia. Kosa hilo halirekebishiki, nalitaja lilivyo.

Maduka nimewaachia watoto. Gari nimebaki na moja. Mimi na mke wangu tumehamia huku moja kwa moja, tunatumia vyumba vya chini, na vya juu wanakaa walimu wa sekondari ya jirani waliokuwa wanatembea mbali kila siku. Nyumba sasa ina watu, ina kelele, wananimalizia maji ya moto. Desemba iliyofuata tuliazima sahani za udongo za akina mama wa usharika, na shughuli ikafanyika kwa Elibariki tangu mwanzo. Viti havikuhangaika.

Haika alinipima tena. Unyayo umepungua sana. Bado ni mkubwa kuliko wa baba yake. Nilimwomba arudie kupima, akarudia, bado.

Mama hakuhamia kwangu. Niliacha kumwomba. Nilikubali kwamba hilo nimelikosa.

Halafu asubuhi moja nikatoka nje, nikakuta chini ya mgomba wangu, ule wa kitovu, kumetapakaa maganda ya ndizi mabichi. Nikamwita mlinzi kwa ukali, nani ametupa uchafu hapa?

"Ni bibi," akasema. "Alipanda mwenyewe na beseni."

Kutoka jikoni kwake hadi bandani kwa ng'ombe ni hatua chache, tena tambarare. Kuja kwangu ni kupanda kilima, na mama anatembelea fimbo. Alikuwa amempita ng'ombe akapanda hadi kwangu, akatupa, akateremka bila kubisha hodi.

Nilisimama pale mzee mzima, nimetupiwa maganda, nimefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Na kwa kuwa niliwaahidi kwamba uzi huu hauna chai: dakika hiyo hiyo nilienda uzioni nikachungulia chini kuona kama shina la Elibariki nalo limetupiwa.

Lilikuwa limetupiwa. Mengi zaidi kidogo.

Wakuu, somo langu si refu. Nilidhani mguu wangu unaishia kwenye ukuta wangu, kumbe ulikuwa unakanyaga hadi jikoni kwa mama. Kupunguza unyayo hakukuniletea shida niliyoiogopa. Kulinirudishia kivuli, watu, na ndugu niliyekuwa nimemgeuza mshindani bila yeye kujua kama kuna mashindano. Na wewe mwenye wivu, sikwambii uuache, maana wangu nimeshindwa kuuacha. Uonee wivu kivuli cha mwenzako, siyo ghorofa lake. Huo angalau utakupandisha miti.

Waliojenga nyumba za Desemba, waliorudi vihambani, na wenye hasira na mimi kwa ile miringaringa, karibuni, nitasoma kila kitu na matusi nitayapokea kama marahaba.

Ila kila atakayechangia anijibu kwanza swali la mama: ganda likitoka mkononi mwako, linaenda wapi?

Usiniambie "huko". Niliwahi kujibu hivyo.